Kabla Bakuli Halijafunuliwa

Keaukaha, Hilo
Jumapili, 3 Februari 2019

Mdogo wangu Elikapeka,

Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini na moja, nami naliandika hapa mwanzoni kabla sijapata nafasi ya kulikwepa. Si Tokuji mpiga chapa aliyeusahau ukurasa wa mgahawa wa Mama. Ni mimi niliyeutoa. Nilichukua kalamu nyekundu niliyokuwa nikisahihishia insha za wanafunzi, nikaukata ukurasa wa thelathini na moja kwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, nikampelekea, naye akachapa kama nilivyoagiza. Chapa ya pili ya kitabu changu cha migahawa ilipotoka bila Mama nawe ukaja juu, nikakwambia mzee wa watu amekosea.

Basi. Limeandikwa.

Moyo wangu siku hizi ni kama lile gari la marehemu Baba: unawaka, unazima, unawaka tena ukishaushukia na kuutukana. Daktari amesema nisihesabu miezi. Nikamwuliza nihesabu nini. Akasema, "Mzee, hesabu watu unaotaka kuwaona." Nimehesabu. Yuko mmoja tu, yuko Molokai, na hajaketi mezani kwangu tangu tulipomzika Mama.

Kilichonisukuma kuandika ni mgeni. Alibisha hodi Jumanne akiwa na kitabu changu mkononi, chapa ile ya kwanza ya 1985, kimepigwa muhuri wa maktaba ya Minnesota. Anaitwa Marjorie Pruitt, mkutubi mstaafu. Anataka kujua ni wapi mgeni anaweza kupata chakula halisi cha Hawaii. Halisi. Neno hilo analitamka kama mtu aliyepoteza miwani. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja akaniuliza Kwa Mama Kahiwa ni mtaa gani, maana amezunguka kando ya mto kote haoni. Nikamwambia pamefungwa tangu 1991. Akauliza kwa nini. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, Beka, nimeulizwa maswali na wabishi wa kila aina, lakini hilo nililikimbia. Nikamwambia mvua inakuja, aende zake. Hilo angalau lilikuwa kweli. Hapa mvua inakuja daima.

Njoo tule pamoja mara moja. Ulete poi, uji mzito wa magimbi yako yaliyopondwa. Ya madukani imefungwa kwenye plastiki na ina ladha ya plastiki.

Kaka yako,
Solomona


Bonde la Halawa, Molokai
11 Februari 2019

Kaka,

Barua yako niliisomea shambani, nimesimama kwenye maji ya magimbi hadi magotini. Nilipofika kwenye kalamu nyekundu nikaketi. Ndani ya maji. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi kiunoni, mtoto wa jirani akauliza kama Anti ameanguka. Nikamwambia ndiyo, Anti ameanguka, na aliyemsukuma yuko Hilo anaumwa moyo.

Nikukumbushe jambo, kwa kuwa wewe ni msomi na wasomi husahau vitu vidogo. Siku ya mazishi ya Mama, Mzee Tokuji alikuja na shada la maua ya puakenikeni alilolitunga mkewe. Aliliweka juu ya jeneza. Mimi nikaliondoa, nikamrudishia mkononi mbele ya watu wote, nikamwambia, "Huwezi kumsahau mtu akiwa hai ukamkumbuka akiwa maiti." Yule mzee akainama akasema samahani. Samahani, Kaka! Kwa kosa lako. Nawe ulikuwa hatua mbili kutoka hapo umevaa suti, unatazama viatu.

Naye alishakufa. Sikumzika. Nilisema sizikani na mtu aliyemfuta mama yangu.

Ulikuwa unajua kwamba kiwanda cha sukari kinapunguza watu. Ulikuwa unajua kwamba waliokuwa wakija kula mchana walikuwa wanahama mmoja mmoja kwenda Honolulu. Wageni wenye kitabu chako mkononi ndio waliokuwa wakijaza meza. Chapa ya pili ilipotoka, ilikuwa kama mtu amefunga mfereji: wiki hii wanne, wiki ijayo wawili, halafu tukawa tunapika laulau tunakula wenyewe. Nikakuomba uandike gazetini, hata mistari mitatu, useme pale bado papo. Ukasema tusubiri chapa inayofuata. Hakukuwa na inayofuata.

Nina swali moja tu: kwa nini? Usinipigie simu. Ukibanwa kwenye simu unaanza kukohoa, halafu inakatika. Karatasi haikohoi.

Na huyo mgeni wako usinitumie.

E.


Keaukaha, Hilo
Jumapili, 17 Februari 2019

Mdogo wangu Beka,

Nitakujibu. Lakini kwanza niache nitoe pumzi, maana huyu Marjorie atanimaliza kabla ya moyo.

Anakuja kila asubuhi, anaketi barazani, anafungua daftari. Siku ya kwanza nilimwambia aende kile kituo cha mafuta karibu na uwanja wa ndege, aingie ndani, achukue wali uliobanwa na kipande cha nyama ya kopo na kufungwa mwani, ale amesimama kama tunavyofanya sote tangu Vita vya Pili vya Dunia. Akarudi amenuna. "Anko, ni kituo cha mafuta." Nikamwambia ndiyo, mama, na watu waliokuwa mbele yako kwenye foleni walikuwa akina nani? Akatazama daftari lake. Walikuwa fundi bomba, nesi na mchungaji.

Siku ya pili nikamtuma kwa muuza samaki, achague mwenyewe samaki mbichi aliyekatwakatwa na chumvi na mwani. Akauliza kama wanaweza kumchemsha kidogo. Siku ya tatu nikamtuma kanisani, akina mama walikuwa wanauza laulau, ile nyama ya kufungwa majani. Akala jani la nje, lile la ti la kufungia tu, ambalo hata nguruwe halili. Alilitafuna lote kwa heshima, Beka, machozi yakimtoka, kwa sababu hakutaka kuwaudhi. Walimwacha amalize ndipo wakamwonyesha. Bado wanacheka mpaka leo, na yeye anacheka nao, kwa hilo namsifu.

Lakini juzi alinitia aibu. Jirani yangu Kaniala alikuwa anapita na wavu begani na ndoo mkononi, ananyamaza kama inavyopasa. Marjorie akainuka barazani, akapaza sauti, "Unakwenda kuvua?" Kaniala akasimama. Akamtazama. Akanitazama mimi. Akageuka akarudi nyumbani, akatundika wavu, akalala. Nani ataenda baharini na samaki wameshatangaziwa? Ilibidi nimweleze mgeni kwa nini siku ile mtaa mzima tulikula mayai.

Haya, swali lako.

Nilitaka kumlinda Mama. Ulikuwa jikoni, hukuona yaliyokuwa yakitokea mezani. Wageni walikuja na kamera. Walimpiga picha akila, akifungua mdomo. Walimwuliza kama anaishi kwenye nyumba ya nyasi. Kitabu changu ndicho kilichowaleta, na kila nilipopita nikaona wamemzunguka nilijiona mimi ndiye niliyemweka Mama dirishani kama bidhaa. Nikasema mgahawa wetu uwe wetu. Nikawaelekeza kwenye karamu za hoteli, kule kwenye moto na ngoma, wanakopata wanachokitaka. Tokuji alipouliza kama nina hakika, nilimwambia ni jambo la familia. Hakuuliza tena, wala hakulisema kwa mtu hadi alipokufa. Sikutarajia meza zingekauka kiasi kile. Hiyo ndiyo sababu.

Samahani, Marjorie anakuja kwako. Hakunisikiliza. Ameshapata tiketi, na anwani alikuwa nayo, iko nyuma ya bahasha yako niliyoiacha mezani. Anataka kuona poi inavyopondwa kwa jiwe. Mvumilie.

Sema utakuja.

Kaka yako,
Solomona


Bonde la Halawa, Molokai
2 Machi 2019

Kaka,

Amekuja.

Nilimwona tangu mbali, anateremka njia ya bondeni na mwavuli, mguu mmoja una kiatu na mwingine matope yameshachukua kiatu. Nilikuwa nimepanga kumwambia sipo. Nikaona nitamwambiaje sipo naye ananiona.

"Wewe ndiye Anti Beka," akasema.

"Na wewe ndiye uliyeulaza njaa mtaa wa kaka yangu."

Alicheka mpaka akashika mti. Basi nikamkaribisha, nifanyeje. Nikampa jiwe la Mama aponde. Baada ya dakika tano alikuwa amejipiga kidole, na magimbi yamefika kwenye nywele. Hakulalamika. Nikamwuliza kaka yangu alimwonyesha chakula halisi au alimzungusha tu. Akasema ulimzungusha, lakini kila mahali palikuwa na watu wanaokula kwa haraka warudi kazini, akaanza kuelewa. Si mtu mbaya. Ni mbishi tu, na wewe wabishi hujawahi kuwaweza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu barua yako ya mwisho iliniliza. Mimi, Elikapeka, nilikaa na barua ile kifuani nikasema maskini Kaka, kumbe alikuwa anamlinda Mama. Nikakusamehe nusu. Hiyo nusu nairudisha.

Mama hakuhitaji kulindwa dhidi ya wageni. Alizaliwa kwenye kambi ya miwa. Aliwalisha wasimamizi waliokuwa wakimwita kwa filimbi. Aliwalisha mabaharia walevi. Wale wenye kamera aliwapenda, Kaka! Alivuta kiti akaketi nao, akawafundisha kuhesabu vidole: poi nzito ni ya kidole kimoja, ya wastani vidole viwili, nyepesi vitatu. Aliyeweza kula bila kujichafua kidevu alimpigia makofi. Jikoni kulikuwa na dirisha, umesahau? Niliona kila kitu.

Karibu kila kitu.

Nilipoliweka bakuli mezani na kulifunua, mgeni wako akatazama poi, akatazama kidole chake kilichovimba, akauliza polepole, "Anti, una kijiko?" Nikaenda kabatini. Kijiko kilichokuwa karibu ni cha Mama, kile cha bati chenye mpini uliopinda. Nikakishika, nikasimama pale pale nimempa mgeni mgongo.

Mama alianza kula poi kwa kijiko mwaka 1987. Mwanamke aliyekula kwa vidole miaka sabini. Nilimwuliza, akasema vidole vinamuuma. Mimi mjinga nikaanza kumkanda mafuta ya mbegu za kukui kila jioni, kidole kimoja kimoja, miaka sita, hadi wiki aliyokufa. Na vidole hivyo hivyo asubuhi vilishika jiwe na kuponda magimbi ya meza nane. Vilitunga mashada. Vilishona. Ni vidole gani hivyo vinavyouma mbele ya bakuli tu?

Alianza 1987. Wewe ukakata ukurasa 1988. Wewe ni mwalimu, nijumlishie.

Mgeni alikuwa ananingoja. Nilipogeuka aliniona uso, akasema ameghairi kijiko, atajaribu vidole. Alijichafua mpaka sikioni. Nilimpigia makofi kwa niaba ya Mama.

Nakuja Jumamosi tarehe 23, kwa ndege ya asubuhi. Nitaleta poi ya siku mbili, iliyoanza kuchachuka, kama unavyoipenda. Lakini nataka kujua kabla. Nini kilitokea mezani siku ambayo sikuwa dirishani?

E.


Keaukaha, Hilo
Ijumaa, 8 Machi 2019

Beka,

Mama alikuwa na baridi yabisi. Mzee wa miaka sabini na sita ana haki ya kuumwa vidole bila bintiye kufanya upelelezi.

Sioni faida ya kuandikiana hivi. Kaniala amechoka kunipelekea barua posta. Anasema hata barua za mapenzi hazipelekwi kwa kasi hii. Njoo tu. Tutaketi, utafunua bakuli, tutakula, na yaliyobaki tutayazungumza taratibu ana kwa ana, kama watu wazima.

Marjorie amerudi. Kidole chake kimekuwa cha buluu na anakionyesha kila mtu kama nishani. Ameniuliza kama sasa anaweza kuandika kwamba amepata chakula halisi. Nikamwambia aandike anachotaka, mradi asinitaje.

Nitaandaa chai.

S.


Bonde la Halawa, Molokai
13 Machi 2019

Kaka,

Hapana.

Unaijua sheria ya bakuli kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa na miaka minne, ulinipiga kofi la mkono kwa kumsema binamu yetu bakuli likiwa wazi. Wazee walisema magimbi ni kaka mkubwa wa sisi sote. Likiwa wazi bakuli lake, hakuna kugombana, hakuna kusutana, hakuna kumdharau mtu. Nikishalifunua mezani kwako, sitaweza kukuuliza kitu, nawe hutaweza kuulizwa. Tutakula, tutasifu poi, tutaulizana habari za mvua, nitaosha vyombo, nitapanda ndege, nawe utakufa umeshiba.

Ndiyo maana unataka nije kwanza. Funika kombe mwanaharamu apite, sivyo? Mwanaharamu safari hii ni mimi.

Hebu jiulize, mtu wa vitabu. Miaka thelathini na moja nimemchukia mzee asiye na kosa. Nimebaki na nani wa kumwomba radhi? Umeshanichukulia Tokuji. Usinichukulie na Mama, nikabaki nimemkanda vidole vizima miaka sita bila kujua nilikuwa natibu nini.

Tiketi ninayo. Poi nitaiponda Alhamisi. Kama barua yako haijafika hadi Ijumaa mchana, nitawagawia majirani, na wewe utakunywa chai yako.

Elikapeka


Keaukaha, Hilo
Jumapili, 17 Machi 2019

Mdogo wangu Elikapeka,

Kaniala amesimama mlangoni na funguo za gari, amesema haondoki bila bahasha hii, hata ikibidi anikalie. Kwa hiyo nitaandika mpaka mwisho.

Ilikuwa Juni 1987, siku ambayo ulikwenda Waimea kuzika shemeji yako. Ndiyo maana hukuwa dirishani. Palikuwa na mkutano wa walimu wakuu hapa Hilo, na walikuja watu wanne kutoka Marekani bara, maprofesa wa elimu, watu ambao vitabu vyao nilikuwa nimevisoma na kuvipigia mistari. Mmoja wao alikuwa amekipenda kitabu changu. Alisema niandike kingine kikubwa zaidi, cha visiwa vyote, na atakitafutia mchapishaji huko kwao. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, Beka. Nilikuwa nimefundisha lugha yao kwa ufasaha kuliko wao, na hakuna mtu nje ya kisiwa hiki aliyewahi kunijua. Nilivaa tai. Kwenye joto la Juni nilivaa tai kwenda kula kwa mama yangu.

Niliwaambia njiani kwamba nawapeleka mahali pa kweli. Nilijisikia mkubwa kwa kusema hivyo.

Mama alitupokea kama alivyowapokea wote. Alikuwa amepika laulau, ameleta opihi wabichi, konokono wa baharini ambao Kaniala aliwachokoa mwambani asubuhi ile. Alivuta kiti akaketi nasi, katikati yangu na yule profesa. Akafunua bakuli. Poi ilikuwa ya vidole viwili. Akachovya, akazungusha kidogo kama alivyokuwa akifanya, akala, akafumba macho, akasema kwa lugha yetu kwamba imekubali. Kisha akamsogezea profesa.

Yule bwana hakuchovya. Alimtazama Mama anavyolamba vidole, akawageukia wenzake, akasema, "Kwetu mtoto wa miaka miwili akifanya hivyo tunamfunga mikono."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Wangecheka kwa ubaya ningepata pa kushika. Walicheka kama watu walioshiba wakiwa likizo. Walidhani Mama hajui Kiingereza kwa kuwa alikuwa amezungumza chetu.

Nilikuandikia kwamba niliwakatia wageni njia ili kumlinda Mama. Nusu yake ni kweli, na nimejificha nyuma ya nusu hiyo muda mrefu hivi kwamba nilianza kuiamini. Baada ya siku ile sikuweza kula pale tena bila kukiona kijiko. Ulikuwa unanikaribisha Jumapili, nami nasema nina kazi za wanafunzi za kusahihisha. Nilipoketi kusoma upya kitabu kwa ajili ya chapa ya pili nikafika ukurasa wa thelathini na moja, nikaona nilivyoandika mwaka 1985, kwa mkono wangu, kwamba mgeni akifika kwa Mama Kahiwa aoshe mikono na aache aibu mlangoni. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Sikutaka mtu yeyote aende pale, arudi, aniambie alivyomkuta mwenye mgahawa anakula kwa kijiko. Kile kitabu kingine, kikubwa, hakikuandikwa. Profesa hakujibu barua zangu mbili.

Mama hakunisema. Nilimsubiri miaka sita anisute, hata kwa utani, hata akiwa amelala hospitalini. Alikuwa akiniuliza tu kama nimekula.

Sasa nimalizie, maana Kaniala anatikisa funguo.

Ukisoma hadi hapa utasema ni wale wageni waliompeleka Mama kuchukua kijiko. Sivyo. Walipocheka, Mama hakusogea. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya bakuli, na uso wake ulikuwa vilevile. Wewe unalima magimbi, unajua maji yanavyofanya juu ya jani lake: yanajikusanya, yanateleza, jani linabaki kavu. Hivyo ndivyo kicheko chao kilivyopita juu yake. Alikuwa amesikia mabaya zaidi kutoka kwa wasimamizi wa miwa akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo alikuwa mimi.

Aligeuka kunitazama. Nadhani alitaka tu kuona kama nimeudhika, aniambie kwa macho niache, bakuli liko wazi.

Nami nilikuwa nacheka pamoja nao. Ndipo Mama alipojifuta vidole, akainuka.

Kaka yako,
Solomona